Ngamia Aliyekuja Peke Yake

Mafuta ya nundu ya ngamia yakianza kuyeyuka juu ya makaa hutoa harufu tamu, nzito, inayoingia kwenye nguo na kukaa humo hata baada ya kufuliwa mara mbili. Watu wengi wa Garissa wakiisikia hugeuza vichwa na kumeza mate. Mimi hujifunika pua kwa ncha ya mtandio na kuvuka barabara. Rafiki zangu hudhani ninaringa. Mimi ni mtu wa kuona haya, sijui kueleza mambo marefu mbele ya watu, basi huwaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba harufu hiyo inanitia kichefuchefu tangu kiangazi kile nilipokuwa na miaka tisa, ndugu ya baba yangu akiwa rumande, na wazee wa ukoo wetu wakaja nyumbani na ngamia.

Baba yangu alifariki kabla sijaweza kuishika sura yake. Nililelewa na mdogo wake, ambaye nilimwita Adeer, kama tunavyomwita baba mdogo kwa Kisomali, katika nyumba ya mama yao, Ayeeyo, yaani nyanya yangu. Ilikuwa nyumba ya mabati nyuma ya soko la mifugo, na uani kulikuwa na herio, kibanda cha mikeka na miti iliyopindwa, ambamo Ayeeyo alipenda kupumzika kwa sababu alisema mabati yanamchoma ubongo. Asubuhi ua ulijaa moshi wa vijiti alivyotumia kufukizia vibuyu vya maziwa, na sauti za mbuzi wakipelekwa sokoni, na vumbi jekundu lililotua juu ya kila kitu, hata juu ya anjera kabla hujaimaliza. Adeer Gedi alikuwa mbunge wa chama cha upinzani. Siku za kazi alikuwa Nairobi, akija kwetu mwisho wa wiki alivua viatu, akafunga kikoi, na Ayeeyo akaanza kumtuma kama mtoto. "Mheshimiwa," alikuwa akimwambia, "kabla hujaiokoa Kenya, mfunge yule mbuzi, anakula kanga yangu." Adeer alikuwa akinyanyuka mbio, wageni wake wakicheka, na mimi nikicheka nyuma ya pazia ambako nilikaa kila nyumba ilipokuwa na wageni.

Kosa lake lilikuwa kusoma majina. Siku ya soko alipanda juu ya lori lililokuwa likipakiwa mbuzi, akatoa karatasi mfukoni, akasoma majina ya wanaume wa upande wetu waliochukuliwa na watu wenye bunduki na hawakurudi. Hakupiga kelele. Alisoma jina la mtu, jina la baba yake, na mahali alipoonekana mara ya mwisho, halafu akasoma lingine. Wanaume waliokuwa wakibishana juu ya ngamia walinyamaza mmoja mmoja mpaka zikabaki sauti za wanyama tu. Alipomaliza alisema kwamba kama watu hawa wana makosa basi wapelekwe mahakamani, na kama wamekufa basi tupewe tukawazike. Akashuka. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshaanza kuuma, askari walikuja kumchukua.

Nilikuwa uani nikipepeta mchele. Mlango wa mbele ulikuwa umeachwa wazi ili upepo upite, nao waliupiga teke mpaka bawaba zikang'oka. Ayeeyo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, aliwakimbilia akipiga kelele: "Mlango iko wazi! Wewe nafunja nini?" Mmoja wao alimsukuma. Aliangukia jiwe la kusagia, na nilisikia mkono wake ukivunjika, sauti kavu kama ya kijiti. Pale chini alipokuwa amelala aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Aliona askari mmoja akitoa karatasi ndani ya koti lake mwenyewe, akaziingiza chini ya godoro la Adeer, akatoka nje, kisha akarudi na mwenzake na "kuzigundua". Zilikuwa karatasi za kuwaambia watu wachukue silaha. Adeer hakuwahi kuandika neno kama hilo, na mtu aliyemjua asingesadiki hata kwa kulipwa.

Alinyimwa dhamana. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga Nairobi na alikuwa akihangaika huko kutafuta watu wa kumsaidia. Wakili wa Adeer alikuja Garissa, kijana mwembamba aliyevaa tai hata kwenye joto lile, akakaa kwenye mkeka na kumweleza Ayeeyo polepole kwamba kesi nzima inasimama juu ya zile karatasi, na kwamba shahidi wa pekee aliyeona zilikotoka ni yeye, mama mzee mwenye mkono uliofungwa mbao. Waliandikisha malalamiko: mlango, mkono, karatasi. Ayeeyo aliweka kidole gumba kwenye wino, akakitazama, akasema, "Kidole hiki ndicho kitakachomtoa mwanangu." Tangu siku hiyo hakukipaka hata hina.

Sasa nieleze desturi yetu moja, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa. Mtu akimkosea mwenzake, huenda kwake na wazee na mnyama, akakiri kosa lake mbele ya watu. Mnyama huchinjwa mlangoni pa aliyekosewa. Hiyo huitwa haal. Kipande cha kwanza hupewa nyumba iliyokosewa, na nyumba hiyo ikila, kesi imekufa. Hairudishwi tena, si kwa wazee, si kwa serikali, na atakayeirudisha ataonekana hana adabu, yeye na ukoo wake. Nyumba ikikataa kula, kesi iko hai. Ni desturi nzuri. Imezuia damu nyingi kumwagika mbugani kati ya watu walioibiana wanyama na kuuana. Naisifu hapa makusudi, ili ieleweke kwamba kilichonichukiza si desturi yenyewe, ni mikono iliyoishika.

Kiongozi wa wazee wetu alikuwa Haji Dakane. Alikuwa na ndevu nyekundu za hina, kofia iliyotariziwa, na sauti laini aliyoitumia kama mtu anayembembeleza ngamia apige magoti. Yeye ndiye aliyemwombea Adeer kura miaka miwili nyuma, akizunguka kila kisima. Alikuja wiki moja kabla ya Ayeeyo kwenda kutoa ushahidi, na nyuma yake waliingia wazee wengine zaidi ya ishirini, na nyuma yao lori la serikali likarudi kinyumenyume hadi mlangoni petu, na juu yake ngamia dume mweupe, mnono, amefungwa miguu.

"Mama Gedi," Haji Dakane alisema, "wakubwa wamesikitika juu ya mkono wako. Wameleta haal."

Ayeeyo alichungulia ndani ya lori. Alilizunguka polepole, akainama hata chini ya magurudumu.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Aliyenivunja mkono. Namwona ngamia tu. Amekuja peke yake? Ni yeye anayeomba radhi?"

Wazee wawili walicheka bila kutaka. Haji Dakane hakucheka. Alimwambia kwamba mkubwa mmoja wa Nairobi amempigia simu mwenyewe, na kwamba watu wa ukoo wetu watapata kisima, na vijana watapata kazi, na Gedi ataachiliwa taratibu bila makelele, kama mama atakula na kuacha kwenda kusema mambo ya karatasi mahakamani.

"Haji," Ayeeyo akamwambia, "mwanangu akishatoka, mlete hata kuku, nitamla na manyoya yake. Leo mimi hapana kula." Alisema maneno hayo ya mwisho kwa Kiswahili chake kibovu, kwa sababu dereva wa lori alikuwa mtu wa bara na alitaka na yeye asikie. Kisha akaniingiza ndani, na kwa kuwa mlango ulikuwa bado haujatengenezwa, akaegemeza kitanda mahali pake.

Nilidhani wataondoka. Walifunga turubai kwenye ukuta wetu, mita chache kutoka dirishani, wakamchinja. Korongo wale wakubwa wenye upara, wanaoishi kwa takataka za mji, walikusanyika juu ya mabati yetu, na nikawasikia wakitembea kwa kucha zao juu ya kichwa changu huku wakingoja matumbo. Chini yao wazee walikaa kwenye mikeka, nao wakingoja. Hata sasa nikiikumbuka picha ile siwatenganishi. Moshi uliingia ndani. Kwetu nyama haikuwa imeingia tangu Adeer achukuliwe. Tulikuwa tukila anjera na chai ya rangi. Ayeeyo alikaa ameupa mgongo ukuta ule, akivuta tasbihi kwa mkono mzima. Mimi mate yalinijaa mdomoni nikayameza, yakajaa tena, na niliona aibu kana kwamba anayasikia.

Alasiri maji ya udhu yaliisha. Ayeeyo alinipa birika nikachote kwenye bomba la jirani, akaniambia nipite nyuma, nisimtazame mtu. Nilipita nyuma. Wakati wa kurudi Haji Dakane alikuwa amesimama kwenye kona.

"Hodan," aliniita kwa ile sauti yake. "Njoo, mama yangu."

Kwetu mzee hamwiti mtoto mara mbili. Nilikwenda, birika mkononi, macho chini, mpaka nikajikuta katikati ya mkeka na miguu ya wanaume pande zote. Alikata kipande cha nundu, cheupe, kinachotoa jasho, akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa cha moto. Wote walinigeukia. Sikujua nifanye nini na macho yale yote yaliyokuwa juu yangu. Mtoto mwingine angekitupa na kukimbia. Mimi sikuwa na sauti ya kusema hapana kwa mtu mmoja, sembuse kwa zaidi ya ishirini wenye fimbo na ndevu. Na niseme lile ambalo halisemeki: nilikitaka. "Bismillahi," Haji Dakane akasema badala yangu, na mimi nikakiweka mdomoni mwenyewe. Kiliyeyuka. Kilikuwa kitamu kuliko kitu chochote nilichowahi kula.

"Alhamdulillahi," wakasema wote kwa pamoja. "Nyumba imekula."

Mmoja alinipiga picha kwa simu. Mwingine alikuwa na barua tayari, imeshachapwa, ina nafasi tupu ya jina, na akaniuliza jina langu na la baba yangu, akaandika. Kisha mikono yote ikaingia kwenye masinia kwa pamoja. Nilisimama pale mafuta yakinitiririka hadi kwenye kiwiko, hakuna aliyenitazama tena. Walikuwa wakila kwa haraka, wakinyang'anyana vipande vya mgongo, mafuta yakiwang'aa kwenye ndevu, watu wazima, wengine mahaji, wengine wenye wajukuu wa umri wangu. Si mmoja wao aliyesema, huyu ni mtoto, mwacheni.

Ayeeyo alisikia ile alhamdulillahi kupitia ukutani. Nilipoingia alichukua birika, akashika mkono wangu, akaunusa.

"Ulikula?"

"Ndiyo, Ayeeyo."

"Walikulazimisha?"

Nilifikiri. "Hapana."

Alinimwagia yale maji ya udhu, yote, akinisugua vidole kimoja kimoja kwa majivu. Sikupigwa. Baada ya muda akauliza, "Chumvi ilikuwa ya kutosha?" Nikasema ilikuwa ya kutosha. "Angalau hilo waliliweza," akasema, halafu akajifunika uso kwa shali na mabega yake yakaanza kutikisika.

Mahakamani nilikaa kando yake kwa sababu hakuweza kusimama bila kuniegemea. Adeer alikuwa ng'ambo ya chumba, amekonda, akinikonyeza ili nisiogope. Ayeeyo alishika Kitabu kwa mkono wa kulia, ule uliovunjika, akaeleza kwa Kisomali kila kitu, mkalimani akigeuza: teke, jiwe, koti, karatasi. Alieleza vizuri kiasi kwamba hakimu aliacha kuandika akamtazama. Ndipo upande wa mashtaka ukatoa ile barua. Ilisema kwamba familia imepokea haal kwa ridhaa yake, na kwamba yote yaliyotokea nyumbani siku ile yalikuwa kutoelewana tu kati ya askari na familia. Jina langu lilikuwa chini. Wakili wa Adeer alisimama kupinga, akasema mtoto si familia. Hakimu akamuuliza Ayeeyo swali moja: kwa desturi yenu, ni kweli kwamba nyumba yako ilikula?

Angeweza kusema hapana. Wakili alimtazama kwa macho yaliyokuwa yakimwomba aseme hapana. Haji Dakane alikuwa benchi la nyuma na nadhani hata yeye asingethubutu kusimama mbele ya watu wote kueleza alivyompata mtoto kwenye kona. Ayeeyo alikitazama Kitabu chini ya mkono wake.

"Mimi sikula," akasema. "Mtoto wa nyumba alikula. Kwa desturi yetu, nyumba imekula."

Adeer alifumba macho. Hukumu ilikuja baada ya wiki mbili: miaka mitano. Hakimu alisema ushahidi wa mama hauwezi kutegemewa kwa kuwa nyumba yake ilishamaliza jambo hilo kwa hiari. Kiti cha ubunge kilitangazwa kuwa wazi, na aliyekichukua alikuwa mpwa wa Haji Dakane. Kisima hakikuchimbwa. Shuleni wasichana wenzangu walinipa jina, Nundu. "Nundu, leo umemla nani?" walikuwa wakiniuliza kwenye foleni ya maji, na mwalimu akicheka chini chini. Nilivumilia hadi darasa la nane, kisha nikaacha, na hakuna aliyenisihi nirudi.

Ayeeyo alifariki mwaka wa nne wa kifungo. Adeer alipotoka alikuwa amepoteza meno ya mbele na alikuwa akienda haja mara nyingi kama mzee. Kwa miezi kadhaa alikaa uani, kwenye kivuli cha herio ambayo ilikuwa imeanza kuoza, na nikawa nampelekea chai, na alikuwa akiniambia, "Si kosa lako, Hodan," hata siku ambazo sikuwa nimesema kitu. Nilimpenda sana miezi ile. Halafu simu zikaanza. Halafu gari jeupe likawa linamfuata. Alikwenda Nairobi akarudi na meno mapya na cheo katika kamati fulani ya amani. Nilikusanya ujasiri nikamuuliza kama amesahau. "Sijasahau," alinijibu, bila hasira. "Nimechoka tu kuwa upande unaosomewa hukumu."

Kiangazi kilichopita alinitaka nifuatane na akina mama kwenda Kotile, kuna shughuli, wanahitaji wa kupika chai. Sikuuliza shughuli gani. Njiani, kwenye vumbi la gari lililokuwa mbele yetu, niliona lori, na juu ya lori shingo ya ngamia. Huko Kotile mwalimu mmoja kijana alikuwa amekamatwa kwa kuandika kwenye simu yake kuhusu kisima kilichofunguliwa na wakubwa mara mbili na hakina maji. Mama yake alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache. Waliokwenda kumpa haal walikuwa Haji Dakane, ambaye sasa haoni vizuri na huongozwa kwa fimbo, na aliyemwongoza, akimshika kiwiko kwa upole, alikuwa Adeer. Yeye ndiye aliyesema maneno. Aliyasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyefungwa na anayejua kufungwa ni nini. Mama yule hakuzunguka lori. Hakuuliza aliyekosa yuko wapi. Alikuwa amesikia kisa cha nyumba yetu nusunusu, kama kila mtu kuanzia Tarbaj hadi huku, na alichojifunza ndani yake ni kwamba kukataa hakusaidii. Nyumba yetu ilibidi iwindwe kwa kumvizia mtoto. Hii ilinyoosha mkono yenyewe kabla dua haijaisha.

Sinia la wanawake liliponifikia nilisema, kwa sauti iliyonishangaza, "Mimi sili." Adeer aligeuka kutoka upande wa wanaume, akaniona, akatabasamu kwa meno yake mapya.

"Mwacheni," akawaambia. "Huyu alishakula yake."

Wakacheka sana, Haji Dakane akicheka kuliko wote, na sinia likapita kwa mwingine. Mama wa yule mwalimu hakucheka. Alinisogelea kwenye mkeka, kipande bado kiko mkononi mwake, akaniinamia sikioni.

"Wewe ni wa nyumba ile," akasema. "Niambie, mwanangu. Mlipokula, wenu alitoka?"

Nilimtazama. Mdomo wake ulikuwa uking'aa mafuta.

"Alitoka," nikamwambia.

Akasema alhamdulillahi, akaendelea kula.